Jamvi Lisilokunjwa la Mama Filomena Hiza

Marehemu Filomena Hiza alizaliwa Vugiri tarehe 3 Mei 1921, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, kisha akachuma chai Dindira. Wenzake wanakumbuka alivyokuwa akiimba shambani, vibaya mno, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Mwaka 1940 alifunga ndoa na Yordani Semboja, wakajaliwa Rosina na Valerian. Yordani alifariki mwaka 1968. Miaka miwili baadaye Mama alimfuata Valerian huku Misima, Handeni, katika kijiji cha ujamaa, ambako kijana huyo alikabidhiwa ulinzi wa ghala.

Tarehe 9 Machi 1975 Valerian alikutwa ameuawa mlangoni pa ghala hilo. Polisi waliuchukua mwili, wakaurudisha ndani ya jeneza lililopigiliwa misumari, wakakataza lisifunguliwe. Kwetu matanga hayaanuliwi mpaka mzee wa ukoo awaambie watu kilichomuua marehemu. Mzee alisimama, akakosa la kusema, akaketi. Mama akakataza jamvi la waombolezaji lisikunjwe.

Kila siku ya gulio alikwenda kituoni. Hakulelewa kwenda kwa watu mikono mitupu, hivyo alibeba mahindi ya kuchemsha. Askari walikula, wakashukuru, wakamwambia, "Mama, upelelezi unaendelea." Akiuliza zaidi, aliambiwa anaingilia kazi ya serikali. Kwamba jirani yetu Rehani amekamatwa, alisikia sokoni. Kwamba ameachiwa, alijua alipomkuta kwenye foleni ya mashine ya kusaga, naye Rehani akamwamkia, "Shikamoo, mama." Mama alishindwa kuitika. Hakujua kama mbele yake yuko muuaji au mtu aliyeonewa, na waliojua hawakuona kama inamhusu. Inauma mpaka leo.

Kifua kilimwanza mwaka 1980, akalazwa Korogwe. Muuguzi alimweleza wazi kwamba mapafu yameharibika na hatapona. Mama alimshika mkono. "Ahsante, mwanangu," alisema. "Wewe umeniambia."

Alifariki tarehe 17 Juni 1981. Ameacha binti yake Rosina, wajukuu watano, na jamvi ambalo bado limetandikwa barazani. Leo mzee wa ukoo atasimama kutaja kilichomuua Mama. Cha Valerian bado hana.

Pumzika kwa amani, Mama. Gulio lijalo anakwenda Rosina, na safari hii habebi mahindi.