Mleteeni Fundi Kiti

Ndugu, jamaa, majirani na mafundi wenzake mliofika: huyu tuliyemleta hapa leo alikuwa mume, baba, babu na kaka, na kwa wengi wenu alikuwa Fundi Pindo basi. Mjane wake aliomba maisha yake yasisomwe kwa haraka, wala yasipakwe rangi. Tulimsomea haya jikoni kwake mara mbili. Alisikiliza akiwa amesimama mlangoni, na palipomkera tulibadilisha.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Mei 1957, mtoto wa tatu kati ya sita, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Baba yake alikuwa mlinzi wa kiwanda hicho, na mama yake alifua nguo za watu. Alianza kutembea mapema, na akishatembea hakushikika. Mama yake alikuwa akisema miguu ya mtoto huyu haijui kuomba ruhusa. Siku moja, akiwa na nguo nyingi za kuanika, alimfunga kwa kitambaa kwenye mguu wa meza ili atulie. Aliporudi ndani alikuta meza iko mlangoni na mtoto ameishika njia, ila meza ndiyo iliyokataa kupita.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1965 hadi 1971. Hesabu aliiweza, mwandiko ulikuwa mzuri, lakini kosa lake lilikuwa moja tu: hakujua kukaa. Mwalimu alimhamishia benchi la mbele, akamkalisha hapo miaka mitatu, na mwishoni akamwambia mama yake kwa fahari kwamba sasa mtoto ametulia. Mama alishukuru sana. Wakati ule kila mtu aliona kukaa kimya mahali pamoja ni nusu ya akili, na huenda bado tunaona hivyo.

Mwaka 1973 aliingia chuo cha ufundi kujifunza kushona, na tarehe 3 Februari 1975 akaajiriwa katika karakana ya sare. Hapo ndipo alipofanya kazi maisha yake yote. Alishona sare za wanafunzi, za wauguzi, za wapishi wa mahoteli. Cherehani yake ilikuwa ya mguu, na wenzake wanasema ukiingia karakana ungeweza kumtambua kwa mlio wa pedeli kabla hujauona uso wake. Wakati wa chakula alizunguka meza zote, huyu anamnyooshea kola, yule anamchokoza kwamba vifungo vyake vimelewa. Mkasi aliuacha popote na kuufuata popote. Alikuwa mtu wa kwenda na kurudi.

Mke wake alimpata kwa ujanja wa kazi. Msichana mmoja alileta gauni likunjwe pindo. Alipolichukua aliona upande mmoja umeshuka, akalirudisha. Mara ya pili upande wa pili ukashuka. Mara ya tatu alimwambia mbele ya watu kwamba kama hajui kushona aseme, na fundi akajibu kwamba anajua vizuri kabisa, ila pindo likinyooka msichana hatarudi tena. Karakana nzima ilicheka, na jina la Fundi Pindo likaanzia hapo. Walifunga ndoa tarehe 15 Agosti 1981. Mungu aliwajalia watoto watatu: binti ambaye ni mwalimu, kijana ambaye ni fundi umeme, na kitindamimba ambaye ni dereva wa lori.

Mwaka 2010, alipotimiza miaka thelathini na mitano kazini, karakana ilimheshimu. Ilimpa kiti kikubwa chenye mikono na mto wa mgongoni, na msimamizi akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo fundi mkuu hafuati kitu, kitu kinamfuata yeye. Mwaka uliofuata kijana wake alimfungia mota kwenye cherehani ili baba asichoke miguu. Vyote viwili vilitoka moyoni. Mkasi ukaletwa, pasi ikaletwa, chai ikaletwa. Akinyanyuka kidogo tu, watu watatu wanasimama: "Kaa, mzee, kaa. Unataka nini?" Akawa anakaa. Jioni analetwa nyumbani kwa gari la karakana, na nyumbani wajukuu wanagombania nani atamvua viatu.

Mkewe aliliona hilo mapema kuliko sisi. Alikuwa akihudhuria kliniki ya shinikizo la damu, yake na ya mumewe, maana wote wawili walimeza vidonge. Siku moja kwenye foleni daktari aliwaeleza kuhusu utafiti wa miaka ya karibuni. Maelfu ya watu walifuatiliwa kwa miaka mingi, na waliokaa saa nyingi bila kujinyanyua walionekana kupata kiharusi zaidi, na kumbukumbu zao kufifia zaidi. Si lazima mtu akimbie, alisema daktari. Kuinuka mara kwa mara, kutembea kidogo, kufagia, kwenda mwenyewe kuchukua kinachohitajika, vyote hivyo mwili unavihesabu. Mama wa watu alirudi nyumbani na hoja.

Marehemu alimjibu kwa mzaha wake wa siku zote, kwamba yeye ametembea kwa cherehani umbali wa kuzunguka dunia. Mkewe akamkumbusha kwamba sasa inayotembea ni mota. Ndipo vita vikaanza. Alikwenda karakana akapigilia msumari kwenye ukuta wa mbali, akautundika mkasi hapo, akasema ukae hapo hapo. Kesho yake fundi wa vifungo aliutungua na kumpelekea mzee mkononi. Akautundika tena, na ukatunguliwa tena. Aliwaomba, akawagombeza, na wao wakamwitikia kwa adabu zote, kisha akigeuka wanauchukua. Nani angekaa amtazame mzee wake anafuata mkasi?

Mwanzoni mwa mwaka 2023 marehemu alishona mkono wa kulia wa koti begani kushoto. Wenzake waliuona, wakacheka kwa siri wakisema Fundi Pindo anaposa tena. Wiki iliyofuata alishona kola nje ndani. Safari hii hawakucheka. Alipolala kidogo kwenye kiti baada ya chakula, fundi wa kola aliifumua na kuishona upya, akairudisha mahali pake ili mzee asiaibike. Walifanya hivyo mara kadhaa. Hawakumwambia yeye, wala msimamizi, wala mkewe. Walimsitiri, kama mtu mzima anavyositiriwa, na kumbe damu ilikuwa inabisha hodi kichwani mwake na sisi tunafunga mlango.

Jumatatu tarehe 6 Machi 2023, kama saa tatu asubuhi, kitambaa kilimponyoka. Mdomo ukaenda upande, maneno yakatoka mazito. Msimamizi alisema mzee amechoka, mleteeni fundi kiti. Wakamlaza kwenye kile kiti cha heshima, wakafunga mapazia, wakazima mashine za jirani ili kelele zisimsumbue. Watu wazima walitembea kwa ncha za vidole. Walilinda usingizi wake mpaka saa tisa alasiri, mkewe alipopita kumletea miwani aliyoisahau. Alimtazama mara moja tu, akaangusha miwani.

Hospitalini daktari aliuliza swali moja: ilianza saa ngapi? Walipomwambia, aliinamisha kichwa. Alieleza kwamba ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini ina saa zake chache, na saa hizo zilikuwa zimepita. Zilipitia pale, nyuma ya mapazia. Fundi wa kola alilia hadi akakaa sakafuni, akaeleza yote, habari za koti na za kola. Mke wa marehemu hakumtukana. Alimwambia tu, "Mlikuwa mnanisaidia kumzika."

Alibaki na upande mmoja wa mwili na neno moja la kusema. Neno lenyewe lilikuwa "bado". Ukimuuliza kama ameshiba, bado. Kama anaumwa, bado. Wodini kulikuwa na muuguzi mmoja ambaye, alipoinama kumtandikia, marehemu alishika pindo la sare yake kwa mkono wa kushoto, akaligeuza, akaikagua mishono muda mrefu. Ilikuwa mishono yake. Mkewe alicheka siku ile, na tunaiandika kwa sababu hatukumsikia akicheka tena.

Aliporuhusiwa kurudi nyumbani, mtaalamu wa mazoezi ya viungo alisema kila siku ainuliwe, asimame, ajaribu hatua, kidogo kidogo, kwa sababu ubongo ulioumia hujifunza njia nyingine ukifanyishwa kazi. Mkewe alilishika neno hilo kama mtu anayezama anavyoshika kamba. Aliiomba karakana cherehani ya mumewe iletwe nyumbani, akamwita kijana wao aje aifungue ile mota. Kijana aliifungua kwa mikono ile ile iliyoifunga, akaondoka nayo. Cherehani ikawekwa karibu na dirisha, kitanda kikawa ukuta wa pili. Chai iliwekwa juu ya cherehani. Ukiitaka, inuka.

Tulikwenda kumtazama, nasi tukafanya tunayoyajua. Kila aliyeingia alimwambia, "Usijisumbue, mzee, pumzika." Mama alianza kuwangoja watu mlangoni na kuwasihi kwamba ndani neno hilo lisitajwe. Wengine walinuna. Wapo waliosema, na si watu wa mbali, kwamba huyu mwanamke anamtesa mgonjwa. Siku moja marehemu alikataa kuinuka, akalia, machozi yakishuka upande mmoja wa uso. Mkewe alipiga magoti mbele yake. Alikuwa hajalala vizuri kwa miezi, mgongo umemuuma kwa kumbeba.

"Simama, baba watoto," alimwambia. "Hata ukinichukia, nichukie umesimama."

"Bado," akasema marehemu. Kisha akampa mkono, akainuka.

Aliendelea hivyo, leo hatua, kesho hakuna, keshokutwa mguu unaburuzika kama gunia. Mkewe alishukuru kwa kila kilichotokea na kulilia kila ambacho hakikutokea, chooni, bomba likiwa wazi.

Jumapili tarehe 19 Novemba 2023 asubuhi, mkewe alitoka kwenda kununua mkate. Aliporudi, kitanda kilikuwa kitupu. Marehemu alikuwa chini, karibu na dirisha, na mguu wake mmoja ulikuwa juu ya pedeli. Alikuwa amekipita chumba chote peke yake. Kilikuwa kiharusi cha pili, na hakikumngoja. Alifariki dunia kabla gari halijafika, akiwa na umri wa miaka sitini na sita, kichwa chake mapajani mwa mkewe.

Tangu siku hiyo mama huyu ana swali moja. Amemuuliza daktari, amemuuliza kila mmoja wetu, anawauliza na mafundi: je, ni mimi niliyemuua kwa kumwinua? Daktari alimjibu kwamba kiharusi cha kwanza kikishapita cha pili hunyemelea, akae asikae, na kwamba hakuna awezaye kuapa ni kipi kilichokileta cha kwanza, kiti au presha au umri. Alimwambia pia kwamba mgonjwa aliyevuka chumba kile alikuwa na mtu aliyemfanya aweze. Mama alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza tena. Na sisi wengine, tuliokuwa tunanong'ona kwamba angemwacha apumzike, hatujaweza kumtazama machoni. Leo tunamwambia hadharani: wewe peke yako ulimtaka akiwa mzima. Hatujui kama atatuamini.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, dada mmoja na kaka mmoja, na karakana iliyojaa watu aliowafundisha kunyoosha mshono. Jana karakana ilileta kile kiti chenye mikono ili mjane akikalie hapa kaburini. Amekishukuru na kukirudisha. Atasimama. Tafadhali, msimletee kingine.

Tulipomsomea mstari wa mwisho, ule unaomaliza maisha ya kila mtu kwenye karatasi kama hii, alitusimamisha. Alisema mume wake alipumzishwa miaka kumi na mitatu, akapumzishwa tena kutwa nzima siku aliyokuwa anakufa, na kwamba yeye hatamtakia jambo hilo hata mara moja zaidi. Tulimuuliza basi tuandikeje. Alifikiri, amesimama pale pale mlangoni, akatuambia.

Atembee kwa amani.