Barua Mbili za Kuacha Kazi

Mama mzazi wa marehemu hakutaka kuisema historia hii, amesema wazi kwamba mwanamke wa miaka sabini na minne aliyeishia darasa la tatu hana sababu ya kukalishwa kitini na kutajishwa tarehe kama mwizi kituoni, lakini aliposomewa ile waliyoandika wajukuu, imejaa mcheshi, mpenda watu na mchapakazi, maneno ambayo hata asiyewahi kuosha kikombe chake husomewa akifa, aliichana, akaagiza karatasi nyingine, na haya ndiyo aliyotaka yaandikwe, yasipunguzwe.

Marehemu alizaliwa Ijumaa tarehe 14 Machi 1969, katika nyumba ya kupanga nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili, akafuatiwa miaka minne baadaye na mdogo wake wa kiume, aliyebandikwa jina la Meneja akiwa bado mdogo, kwa sababu kila alipotumwa maji alitafuta mtu wa kumtuma. Alianza shule Januari 1977, akamaliza darasa la saba mwaka 1983, hakuchaguliwa kuendelea, na hela ya ada iliyokuwepo ikamwendea mdogo wake, akasoma mpaka akapata meza, kiti na feni katika ofisi ya serikali.

Tarehe 2 Mei 1990 marehemu aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hoteli kubwa, upande wa kunyoosha, na huko ndiko alikopewa jina la Pasi, kwa kuwa alijua joto la chuma kwa kusikiliza tu tone la maji linavyolia juu yake. Alinyoosha shuka mia mbili kwa siku kwa miaka ishirini na mitano, chini ya msimamizi aliyezoea kumfokea kila mtu tangu asubuhi, kwa mshahara mdogo usiochelewa, na kwa kadi ya matibabu ambayo familia ilitibiwa nayo bila kuomba mtu. Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 8 Agosti 1998 na mshona vifungo wa hoteli hiyohiyo, wakajaliwa watoto watatu, wa kike wawili na wa kiume mmoja, na wote watatu walizaliwa kwa kadi hiyo.

Kisha Meneja akaanza kwenda semina za kujiajiri, ambazo, msishangae, alikuwa analipiwa na mwajiri wake. Kila Jumapili alifika kwa kaka yake, akakalia kiti cha mwenye nyumba, akala akashiba, akachokonoa meno, akamweleza kwamba mtu mwenye mshahara ni mtu aliyekodishwa, kwamba jasho lake linawanenepesha wenye hoteli, na marehemu alipouliza siku akiugua nani atamtibu, Meneja alimcheka mbele ya wanawe. Maneno hayo yalimwingia taratibu kwa miaka miwili, kwani mke alitaka mshahara ubaki, lakini marehemu mwenyewe alishachoka kufokewa, na mwishowe alikubali kwa sharti moja, kwamba hataruka peke yake. Jumapili tarehe 28 Juni 2015 ndugu hao wawili waliketi meza moja, mama yao akiwaona, kila mmoja akaandika barua yake ya kuacha kazi, Meneja akilamba bahasha yake kwa mbwembwe, na kesho yake kila mtu akaenda kazini na ya kwake. Pasi aliipeleka. Tarehe 31 Julai akatoka hotelini na kiinua mgongo chake.

Duka lao la kufua nguo lilifunguliwa tarehe 1 Septemba 2015, chumba kimoja ubavuni mwa kinyozi, na mashine mbili na meza ya kunyooshea, vyote kwa kiinua mgongo hicho. Barua ya Meneja ilisemekana inasubiri saini ya mkubwa, mara mkubwa yuko likizo, mara amehamishwa, mara mpya hajaizoea ofisi, na muda wote huo mwenyewe alikuja Jumamosi kunyooshewa mashati bure, akigawa kadi zilizoandikwa Mkurugenzi. Mama hasemi kwamba kujiajiri ni kubaya, maana alimwona mwanawe akipiga mluzi kazini kwa mara ya kwanza maishani, wala hasemi ajira ni tamu, maana alijua yule msimamizi wa hoteli. Anachosema ni kwamba ile ilipangwa iwe kazi ya watu wawili, mmoja anyooshe na mwingine akusanye nguo na kuzirudisha kwa wateja, ikabebwa na mmoja.

Jumamosi tarehe 14 Oktoba 2017 Meneja alileta koti la suti, akisema ana kikao na wateja wakubwa. Dobi hanyooshi koti kabla ya kukagua mifuko, ndivyo walivyofundishwa hotelini, na katika mfuko wa ndani marehemu alikuta kadi ya mwaliko wa sherehe ya kumpongeza Meneja kwa miaka ishirini ya utumishi, na nyuma ya kadi ile bahasha ya mwaka 2015, haijafunguliwa. Alinyoosha koti, akanyoosha na bahasha, akarudisha vyote mfukoni, na mdogo wake alipokuja kuchukua akamwambia mbele ya mama yao, "Barua yako nimeipiga pasi, mdogo wangu, isije ikakukunjamania."

Meneja akajibu, "Kaka, nilikuwa nasubiri kwanza nione kama biashara itasimama."

Yaani alimtanguliza kaka yake mtoni ili ajue kina. Mama alitema mate nje ya mlango siku hiyo, na anasema ladha yake bado iko mdomoni.

Hotelini nafasi ilishachukuliwa, hivyo marehemu aliendelea. Kifua kilimshika Februari 2019, kwa mvuke na dawa za madoa katika chumba chenye dirisha moja, naye hakulala hata siku moja, kwani angelala nani angenyoosha, na kadi ya matibabu ilishabaki hotelini. Alipolazwa tarehe 3 Novemba mapafu yalikuwa yamechoka, akafariki Jumanne tarehe 12 Novemba 2019, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini, mkewe akiwa ameshika mguu wake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, inamshukuru kinyozi jirani aliyefungua duka la marehemu kila asubuhi ili wateja wasidhani limekufa, na inawashukuru wanyoosha shuka wa hoteli, waliokuja baada ya zamu wakamalizia nguo za watu mpaka ya mwisho. Lala, mwanangu, chuma kimepoa na hakuna nguo ya mtu inayokusubiri.

Mdogo wa marehemu aliomba alipie jeneza, akaomba alipie na viti, mama akakataa vyote, akamwambia atalipa kwa kusimama na kusoma karatasi hii yote kwa sauti, wakubwa wa ofisi yake wakiwa wamekaa mstari wa pili. Amefika mwisho, lakini asikae bado. Aiweke karatasi chini, amtazame mjane na watoto watatu, aseme kwa kinywa chake kwamba barua hakuipeleka, ndipo aruhusiwe kushika jeneza pamoja na wanaume wengine.