Mama Pancha Anaondoka, Kipimo Chake Kinabaki

Tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, Mchoraji Ramani Mkuu wa Idara yetu ya Mipango Miji atafunika kalamu zake, atazima taa ya meza ya kuchorea na kustaafu baada ya miaka thelathini na sita, miezi minne na siku kumi na moja ya utumishi. Hesabu hiyo nimeihakiki mara mbili katika jalada lake na mara moja kwake mwenyewe. Alisema siku kumi na moja si kitu, niandike miaka tu. Nimeziacha, kwa kuwa alizifanyia kazi.

Jalada linamtaja kwa majina yake matatu, lakini ukimuulizia mapokezi kwa majina hayo utaambiwa umekosea ofisi. Uliza Mama Pancha. Hapo utaelekezwa mara moja: panda ngazi, mlango wa pili kushoto, wenye baiskeli nyeusi nje.

Aliajiriwa akiwa hajatimiza miaka ishirini na minne, kama mchoraji msaidizi. Kazi yake ilikuwa kunakili kwa wino ramani za wakubwa wake, na enzi hizo kosa moja la wino lilimaanisha karatasi nzima kuanzwa upya. Anasema ndipo alipojifunza kupumua polepole. Kompyuta zilipoletwa alikuwa na miaka arobaini na miwili, na wiki ya kwanza alionekana akipima mitaa kwa kubandika rula kwenye kioo. Mwezi wa tatu yeye ndiye aliyekuwa akiwafundisha wenzake. Rula hiyo bado iko mezani kwake, na wenye adabu hawaigusi.

Habari ya pancha ilianza mwaka wake wa tatu kazini. Yeye, mumewe na mtoto wao wa kwanza walikuwa wamehamia kwenye mtaa mpya, mtaa ambao ramani yake aliinakili kwa mkono wake. Ulikuwa na shule, zahanati, soko na uwanja wa mpira, na kila kilichochorwa kilijengwa. Asubuhi ya Jumanne moja, mtoto akiwa kwenye karia, tairi la nyuma likakanyaga msumari. Mama Pancha akaanza kusukuma huku akiulizia fundi. Kila aliyemuuliza alimwambia, "Mbele kidogo." Alisukuma hilo mbele kidogo kwa saa nzima na robo, mpaka akaumaliza mtaa wote na kufika mji wa zamani, ambako fundi alimpigia kiraka kwa dakika kumi.

Aliingia kazini saa nne. Mkuu wa wakati huo akamwagiza aandike barua ya kujieleza. Barua hiyo imo katika jalada na nimeisoma kwa ruhusa yake. Ina sentensi moja: "Nimechelewa kwa sababu ramani tuliyochora haina fundi baiskeli." Nyuma yake ameambatanisha ramani, njia yote aliyosukuma ikiwa imechorwa kwa wino mwekundu, na duara dogo mahali mtoto alipoanza kulia. Chini yake Mkuu ameandika: "Sababu imekubaliwa. Mchoraji aache utani."

Utani hakuuacha, ila aliutafutia kipimo. Jumamosi tatu mfululizo aliwaomba watu wasukume baiskeli zenye tairi lililotoboka, kila mmoja na mzigo wake wa kila siku, yeye akifuata nyuma akihesabu hatua hadi atakaposikia lalamiko la kwanza. Muuza mkate alisukuma na matenga yake, muuza maziwa akasukuma, kisha wifi yake Mama Pancha akasukuma na gunia la unga, ambaye inasemekana hakumzungumzisha mpaka mwezi uliofuata. Mumewe, aliyekuwa mwalimu wa hisabati, aliondolewa kwenye hesabu kwa sababu alianza kulalamika kabla ya kuondoka. Wastani wa waliobaki ulikuwa hatua mia tisa. Umbali huo Mama Pancha akauita pancha moja.

Tangu hapo chumba cha ramani kina kanuni yake. Katika mtaa mpya, nyumba yoyote isiwe zaidi ya pancha moja kutoka kwenye kiwanja cha fundi baiskeli. Kiwanja chenyewe ni kidogo, hatua sita kwa nne, lakini lazima kiwe na kivuli na bomba la maji karibu, maana fundi asiye na beseni la maji analitafuta tundu la tyubu kwa kubahatisha. Nimepitia ramani zote alizochora na nimehesabu viwanja thelathini na moja vya aina hiyo. Ishirini na sita vina mafundi hivi leo. Kuhusu vile vitano, ukimuuliza anajibu, "Wanakuja," kama mtu aliyeachiwa ujumbe.

Waliomwona akibishana juu ya hatua sita kwa nne huenda walidhani anapenda baiskeli tu. Anazipenda, ni kweli. Lakini hoja yake ni kwamba mji ukikua, kila kitu kinasogea mbali: shule inasogea, soko linasogea, na anayefika huko kwa baiskeli ni yule ambaye tunataka awahi. Cheni ikikatika na fundi yuko mji mwingine, baiskeli inaegeshwa ukutani "kwa leo tu". Baada ya wiki mbili imeanikwa nguo. Baada ya miezi sita mtoto wa nyumba hiyo anachelewa shule na hakuna anayekumbuka ni kwa sababu ya cheni. Tena anasema fundi hafungi spoku tu. Ndiye anayejua nani amehamia nyumba ipi, ndiye anayemwelekeza mgeni, na watoto wakirudi shule wanapita kwake kujaza upepo hata kama matairi yao yamejaa.

Jina lenyewe limemletea mengi. Kuna dereva aliyesikia kwamba ghorofani yuko Mama Pancha, akapandisha tairi la lori ngazi zote na kulilaza mlangoni pake. Mama Pancha alimpa kiti na maji, akamchorea ramani ya kwenda kwa fundi wa malori. Dereva akatazama ngazi, akatazama tairi. "Mama, ramani nzuri," akasema, "lakini ungeniambia nikiwa chini."

Sasa nafika pahali ambapo ningependa kuruka. Mama Pancha ameniambia nikiruka atasimama ukumbini siku ya kumuaga asimulie yeye, na anaposimulia yeye huongeza chumvi.

Mwezi Februari alikuwa akimalizia ramani yake ya mwisho, ya mtaa mpya wa mashariki, nyumba elfu moja na mia moja. Alikuwa ametenga viwanja vitatu vya mafundi, na akaleta masjala dokezo la kuieleza Kamati ya Mipango sababu yake. Dokezo lilisema: "Upande wa mashariki: pancha nne, hakuna fundi. Naomba lishughulikiwe kabla ya kikao." Masjala kulikuwa na karani mpya, wa wiki tatu, aliyefundishwa vizuri sana kwamba barua ya serikali haiendi na lugha ya mkato. Karani huyo ndiye mwandishi wa maneno haya. Upande wa mashariki wa jengo letu ndipo magari ya ofisi yanapoegeshwa. Nikalinyoosha dokezo: "Gari lililoegeshwa upande wa mashariki lina pancha katika matairi yote manne na halijapatiwa fundi." Nikaligonga muhuri na kulipeleka karakana.

Dereva Mkuu alizunguka uwanja na jeki mkononi tangu asubuhi hadi chakula cha mchana. Kisha akajibu kwa maandishi: "Gari halikuonekana. Huenda limeondoka." Limeondokaje na pancha nne, hakueleza.

Kamati nayo ikakutana bila dokezo. Wajumbe wakaona kwenye ramani viwanja vitatu vidogo visivyo na maelezo, wakapendekeza viunganishwe na maegesho ya magari. Kikao cha kupitisha kilipangwa baada ya wiki mbili. Ramani ikishapitishwa haiguswi kwa miaka mitano, na kufikia wakati huo mwenye kipimo angekuwa nyumbani kwake amestaafu, na nyumba elfu moja na mia moja zingekuwa zinaambiwa "mbele kidogo".

Alishuka masjala mwenyewe, jibu la Dereva Mkuu mkononi. Nilisimama. Nilikuwa nimekwisha kutunga kichwani barua ya kujieleza na nusu ya barua ya kuacha kazi. Mama Pancha akavuta kiti, akasoma kwa sauti, "Huenda limeondoka," na akacheka mpaka akavua miwani. Alipoweza kuongea akauliza, "Mwanangu, umewahi kusukuma baiskeli yenye pancha?" Nikasema hapana, Mama, kwetu tulipanda basi. "Basi kosa hili tutalirekebisha kwa miguu," akasema.

Aliiomba Kamati ije kuukagua mtaa wa mashariki, ambako nyumba za kwanza zimekwisha kuhamiwa. Wajumbe saba walipofika walikuta baiskeli tatu, yake na mbili za kuazima, kila moja ikiwa na katoni la majalada kwenye karia. Mwenyekiti wa Kamati, mtu wa mwili na mwenye haraka, akauliza siku hizi nani anapanda baiskeli, wakati watu wa mtaa huu watakuja na magari yao. Mama Pancha aliinama, akafungua vali za matairi ya nyuma, moja baada ya moja, tukasikiliza upepo ukitoka. Kisha akamkabidhi Mwenyekiti usukani. "Fundi wa karibu yuko kule," akasema. "Mbele kidogo."

Kazi yangu ilikuwa kuhesabu hatua, na niliifanya kwa uangalifu. Mwenyekiti alilalamika kwenye hatua ya mia nane na sabini. Mjumbe mmoja nyuma yake akamwambia taratibu, "Mwenyekiti, bado tatu kama hizi." Walikuwa wakipokezana. Mwanzoni mwa pancha ya pili tulimkuta nesi wa zahanati, sare yake nyeupe, naye akisukuma baiskeli yake. Akautazama msururu wa watu wenye tai.

"Nyie nyote mmepata pancha leo?" akauliza.

Mama Pancha akamwambia, "Leo wote, mwanangu. Wewe je?"

"Mimi kila wiki, Mama. Siku kama hizi zahanati inafunguliwa mie nikifika."

Fundi, alipoona watu kumi na baiskeli nne zinamjia, aliweka chini spana na kuuliza nani ametangulia. "Nesi," akasema Mwenyekiti, akakaa kwenye benchi na kujipepea na jalada. Baada ya kupumua akauliza viwanja vile vitatu vya mafundi nani alivifuta. Kila mjumbe alipata kitu cha kutazama. Mimi nilitazama beseni la maji.

"Havijafutwa, Mwenyekiti," akasema Mama Pancha. "Vimeegeshwa tu."

Wiki iliyofuata viwanja vyote vitatu vilipitishwa bila kupingwa, na ramani ikagongwa muhuri. Cha kwanza kimekwisha kupata mwenyewe. Wafanyakazi waliopita huko wanasema fundi ana kivuli, ana bomba, na tayari ana watoto wanaojaza upepo matairi yaliyojaa. Nesi anafungua zahanati kwa wakati.

Mwezi Mei Mkuu wa Idara aliagiza kipimo kiingizwe rasmi katika Mwongozo wa Kupanga Mitaa, ili asitokee tena mtu wa kukielewa vibaya. Kazi ya kuchapa nilipewa mimi, na nadhani kwa makusudi. Niliandika: "Pancha: umbali wa hatua mia tisa, ambao mtu anaweza kusukuma baiskeli yenye tairi lililotoboka, pamoja na mzigo wake, kabla ya kuanza kulalamika." Niliisoma mara nne, nikaipeleka ghorofani. Mama Pancha aliipitia kwa rula mkononi, akaongeza kwa penseli neno moja mwishoni: hadharani. Ndivyo ilivyochapishwa, na mumewe ameomba nakala.

Mimi ninamshukuru kwa jambo ambalo halimo katika jalada. Hakuna aliyewahi kuniomba barua ya kujieleza. Niliuliza kwa nini, akasema barua ya aina hiyo ofisi hii inayo moja, na inatosha.

Mama Pancha, wenzako wa chumba cha ramani, masjala, mapokezi na karakana wanakushukuru kwa miaka thelathini na sita, miezi minne na siku kumi na moja. Dereva Mkuu anaomba ujulishwe kwamba lile gari bado linatafutwa. Tunakutakia maisha mema wewe, mwalimu na wajukuu, afya ya magoti, na asubuhi za kutoka bila haraka. Popote tairi litakapokanyaga msumari, fundi awe ndani ya pancha moja.

Vile viwanja vitano usiviwazie. Nimenunua baiskeli, na hatua nitazihesabu mimi.