Vitufe Vitatu vya Mkuu

FUNDI: Haloo? Nani mwenzangu?

KATIBU: Mimi, Fundi. Katibu wa Mkuu, hapa ofisini. Za tangu siku ile?

FUNDI: Njema, dada. Bibi harusi wetu wa Jumamosi. Bendi imeshajiandaa—

KATIBU: Ndilo nililopigia. Mkuu atapiga kodiani, kile kinanda chake cha kusukuma na kuvuta.

FUNDI: Wapi?

KATIBU: Harusini kwangu. Wakati naingia ukumbini. Ndiyo zawadi yake.

FUNDI: Mungu akutie nguvu.

KATIBU: Usinitanie. Si wewe uliyemfundisha?

FUNDI: Mkono wa kulia tu. Nilimwambia, Mkuu, bonyeza vitufe vitatu vilivyokaa jirani, kwa mpigo. Ukisukuma, vinapatana kama ndugu. Ukivuta, vinagombana. Kwa hiyo ukivuta, bonyeza kimoja kimoja.

KATIBU: Akasemaje?

FUNDI: Akasema kiongozi habagui. Vitatu kwenda, vitatu kurudi.

KATIBU: Na wewe ukamjibu nini?

FUNDI: Mtandao unakwaruza, dada, sikupa—

KATIBU: Unanipata vizuri sana.

FUNDI: Nilimwambia ana mtindo wake.

KATIBU: Mtindo. Umeona sasa?

FUNDI: Na mwaka juzi Mkuu alipopiga, nani alitoa machozi mbele za watu, akasema hajawahi kuguswa vile?

KATIBU: Barua yangu ya cheo ilikuwa mezani kwake inasubiri saini.

FUNDI: Basi tusichekane. Nyani haoni kundule.

KATIBU: Fundi, mama mkwe wangu ni mwalimu wa kwaya. Na tangu mwanzo hanitaki. Nikiingia na zile kelele, atanisimulia mpaka nizeeke.

FUNDI: Mwambie Mkuu ukweli.

KATIBU: Nimempigia makofi miaka sita, nianze leo? Mwambie wewe.

FUNDI: Mimi? Nani ataniletea kodiani yake kutengeneza? Sikiliza. Kila kitufe kina ndimi mbili ndani, vijibati vya kutoa sauti. Mmoja unalia akisukuma, mwingine akivuta. Hizo za kuvuta ningeziziba kwa karatasi ya gundi. Akivuta, kimya.

KATIBU: Hatashtuka?

FUNDI: Nilishamfanyia mwaka jana, kwenye sherehe yenu ya ofisi. Alivyoshuka jukwaani akaniambia, “Fundi, umeona walivyotulia kunisikiliza?”

KATIBU: [Anacheka.] Kumbe ndiyo maana. Basi ziba, kaka yangu, ziba zote.

FUNDI: Ningeziba. Ila safari hii kodiani haitoki kwake. Anafanya mazoezi, mpaka chakula anakula nayo mapajani.

KATIBU: Nimekwisha.

FUNDI: Labda augue.

KATIBU: Nyamaza, anaingia. Usikate. [Mlango.] Karibu, Mkuu. Hapana, hunisumbui… Nani kasema hivyo? Mama nyumbani? Mke wako mwenyewe? … Eti unagombanisha sauti? … Kwamba usipige Jumamosi?

FUNDI: [Kwa sauti ya chini.] Asante, Mungu.

KATIBU: Nikuambie ukweli, mimi?

FUNDI: Sema, dada. Sema sasa hivi.

KATIBU: Mkuu… Mama hajui muziki. Usipopiga wewe, mimi nitaona sikuolewa… Kweli kabisa… Asante, Mkuu. Uache tu mlango, nitaufunga. [Mlango.] Haloo?

FUNDI: Nipo.

KATIBU: Umesikia?

FUNDI: Alikuwa anajitoa mwenyewe.

KATIBU: Alikuwa anajitoa.

FUNDI: Na wewe—

KATIBU: Mdomo ulitangulia, Fundi. Umeshazoea. Nilijisikia nikisema, nikashindwa kujizuia. Amefurahi mpaka ameongeza wimbo wa pili.

FUNDI: Pole, mdogo wangu.

KATIBU: Bendi yenu ina ngoma? Zile kubwa?

FUNDI: Ipo moja.

KATIBU: Azima nyingine. Simama nyuma yake, umwangalie mikono. Akisukuma, mwacheni. Akianza tu kuvuta, zipigeni zote kwa nguvu, hata kama— ah, salio hili— hata kama ananiangalia mimi nimsif—

FUNDI: Haloo? Dada? Haloo?