Mshipi au Mshipa? Tunamuaga Bi Rudia wa Chumba cha Redio

Baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi, mwenzetu wa chumba cha redio atastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Hapa bandarini hakuna anayemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Ni Bi Rudia, kwa kuwa hapokei ujumbe wowote bila kusema, "Rudia."

Alianzia ghala la zana, akigawa nyavu na ndoana. Huko aligundua kuwa wavuvi hawana lugha moja. Huyu akiomba chelezo, yule anadai boya, na wakibishana humgeukia: "Dada, tuamulie!" Aliwapa wote kitu kilekile cha kuelesha nyavu, wakaondoka wamenuna.

Lakini hatuwezi kumuaga bila kusimulia asubuhi ile ya upepo. Redio ilikuwa inakoroma, na sauti ya nahodha ikaingia vipande vipande: "Mship... umekatika!"

Fundi wa mitambo, aliyesimama mlangoni na chai yake, akacheka. "Si wafunge mwingine?" Kwa wavuvi, mshipi ni ule uzi wa ndoana, na hukatika kila siku.

Bi Rudia hakucheka. Nahodha yule hakuwa mtu wa makelele.

"Rudia. Mshipi au mshipa?"

Mkoromo tu. Akauliza tena, herufi ya mwisho ikamezwa tena. Akabadilisha swali: "Damu ipo?"

"Ipo! Nyingi!"

Samaki mkubwa alikuwa amevuta, mshipi ukamzonga mvuvi mmoja mkononi na kumkata mshipa. Fundi alitupa kikombe, akakimbilia boti ya uokoaji.

"Kandamiza kwa nguo," Bi Rudia alisema. "Usifunue kutazama. Anaongea?"

"Ananitukana, dada."

"Mwache atukane. Akinyamaza, niambie."

Kisha: "Dada, amenyamaza."

Bi Rudia alishika ukingo wa meza. Sauti yake haikupanda. "Mwite. Usiachie nguo. Boti inakuja."

Aliyarudia maneno hayo mpaka boti ikafika. Mvuvi akapona, ingawa vidole viwili havikunjiki mpaka leo. Bi Rudia alipovua vipokea sauti, hata maji tulimnywesha sisi.

Baadaye alitaka kila mtu aseme "uzi" redioni. Manahodha wakamjia juu: "Unatufuta maneno ya babu zetu?" Kikao kilichacha, wengine wakasimama watoke. Ndipo mvuvi yule akainuka.

"Nililala pale nikimsikia dada akiuliza mshipi au mshipa, na jibu letu halifiki," alisema. "Nyumbani nitasema mshipi hadi nife. Redioni ni uzi."

Waliosimama wakakaa. Ni uzi mpaka sasa.

Dada yetu, ahsante. Mashua ziko kazini, nasi tuko zamu, kwa hiyo nenda ukalale hata mchana. Tunakutakia afya na mapumziko matamu, na simu itakayokuamsha iwe ya wajukuu tu.