Mama Bikari na Mchoro Uliobaki Bila Mfuniko

Maneno haya yamesemwa na mume wa marehemu, fundi seremala. Kifungua mimba wao ameyaandika, naye ndiye anayeyasoma. Mzee amemwagiza asitie chumvi, kwa kuwa marehemu hakupenda mtu wa kutia chumvi.

Mpendwa wetu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1947, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkewe. Nyumba yao ilikuwa na chumba cha kulala na chumba cha kushonea, naye alijifunza kutambaa katikati ya vipande vya vitambaa na chaki. Mama yake alikuwa akisema mtoto yule alichora mistari sakafuni kabla hajajua kusema "maji".

Alianza shule mwaka 1955. Darasani kulikuwa na bikari moja kubwa ya mbao, ya kuchorea duara ubaoni kwa chaki, na mwalimu wa hesabu hakumwamini mtu nayo isipokuwa yeye. Aliibeba begani kama jembe kutoka ofisini hadi darasani, wenzake wakipiga kelele, "Bikari huyo, pisheni!" Jina likamganda. Sekondari alipata mkebe wake wa bati: bikari ndogo, kipimapembe, pembetatu mbili na rula. Kitabu cha logi, kile cha majedwali ya hesabu, alikitumia mpaka pembe za kurasa zikawa laini kama leso. Mwaka 1966 aliingia chuo cha ufundi kusomea uchoraji wa ramani za majengo. Wasichana walikuwa wawili. Mwenzake aliondoka kwenda kuolewa. Yeye alibaki.

Mwaka 1969 aliajiriwa katika ofisi ya ramani ya kampuni ya ujenzi. Ilikuwa ghorofani, yenye madirisha marefu na harufu ya wino. Huko alikabidhiwa rula ya kukokotolea, ile yenye ulimi unaoteleza katikati. Unasogeza ulimi, unasoma jibu la kuzidisha au kugawanya. Lakini rula ile hutoa tarakimu tu. Nukta ya desimali haikupi. Unaiweka mwenyewe kwa akili yako. Marehemu alikuwa akisema kazi yote ya mchoraji ni kuiogopa nukta.

Siku moja hakuiogopa. Ofisi ilihitaji viti virefu vya kukalia mbele ya mbao za kuchorea. Alichora, akaandika kimo, akapeleka mchoro karakana ya useremala, kule uani. Huko alikuwapo fundi ambaye shule hakuiona, ila tarakimu alizijua. Na karakana ilikuwa na sheria moja: fuata namba iliyoandikwa, usipime picha. Namba ilisema 7.5. Fundi akatengeneza kiti cha sentimita saba na nusu, miguu minne, msasa umepita kila mahali.

Marehemu alishuka ngazi amekishika mkononi kama mkate.

"Fundi, hiki nini?"

"Kiti, dada."

"Cha nani? Cha panya?"

"Sijamwona mwenyewe. Namba ni yako."

Akautazama mchoro, akaiona nukta. Karakana nzima iliweka randa chini ikingoja mvua ya maneno. Alicheka mpaka akakaa chini, juu ya kiti kile kile. "Haya, nitengenezee vya sabini na tano," akasema. "Na hiki sikirudishi."

Alikiweka chini ya ubao wake, pa kupumzishia miguu.

Yeye na fundi yule walifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1971. Mashemeji walinong'ona: msomi wa ofisini na fundi asiyejua kusoma, wapi na wapi? Aliwajibu, "Huyu ndiye mwanamume pekee anayefanya ninachoandika." Nyumbani yeye alichora, fundi akachonga: vitanda vya watoto, meza, kabati la vyombo, milango. Hakuna kitu cha nyumba yao kilichochongwa bila mchoro wake. Alimsomea mumewe barua. Mumewe alimnolea penseli kwa patasi, ncha nyembamba kama sindano.

Vikokotoo vya betri vilipofika ofisini hakununa. Alivipenda. "Ila hivi vinakuwekea nukta," alisema, "basi mtu anaacha kuiogopa." Kompyuta zilipofika, mbao za kuchorea zilitupwa uani. Alistaafu mwaka 2002, akaja nyumbani nyuma ya mkokoteni: ubao wake, rula ya T ya kuvutia mistari imefungwa juu kwa kamba, na kile kiti cha panya, kigoda chake, mkononi.

Mwaka 2018 mikono ilianza kutetemeka. Daktari alisema ni mishipa ya fahamu. Vifungo vya blauzi vilimshinda, kijiko kikamshinda, hakulalamika. Penseli ilipomshinda, alifunga mlango akalia. Mzee alimsikia. Hakubisha hodi.

Januari mwaka huu watoto walianza kuzungumzia mambo ya mbele kwa kuzungukazunguka. Aliwakatisha.

"Jeneza langu baba yenu atalichonga. Na mchoro nachora mimi."

"Mama, dukani yapo tayari," binti akasema. "Yana mpaka kidirisha cha kioo."

"Cha nini? Nimchungulie nani?"

Basi. Tangu hapo kazi ikawa hiyo, na hofu ya mzee ikawa moja, mkono usije ukamsaliti mkewe kabla hajamaliza. Mzee aliikandamiza rula ya T kwa mikono yote miwili. Mkewe alingoja mtetemo upungue, akavuta mstari, akapumzika. Siku nyingine ulitoka mstari mmoja. Kila alipoandika namba, mzee aliuliza, "Nukta?"

"Hakuna nukta, mume wangu. Hutanikunja."

"Na kigoda?"

"Kigoda kibaki nyumbani. Nafasi yake sijaichora."

Alimaliza chini, mbavu, upande wa kichwa na upande wa miguu. Mfuniko akasema kesho. Kesho yake, Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa nne asubuhi, alifariki kitandani mwake, mkono wake ndani ya mkono wa mumewe. Mkono ulikuwa umetulia.

Mzee alichonga. Alipofika kwenye mfuniko akasimama. Watoto wakamwambia, "Baba, si kipimo kile kile cha sanduku?" Ni kweli. Lakini namba haikuwapo. Alikaa juu ya kigoda muda mrefu, ubao wenye mchoro uko mbele yake. Halafu akachukua penseli aliyoinoa mwenyewe, akaandika namba ya mfuniko pale palipoachwa wazi. Hakuwahi kuandika kitu kwenye mchoro wa mkewe. Akaitazama tena, kwa ajili ya nukta. Kisha akaifuata.

Jeneza mnaloliona ndilo hilo.

Ameacha mume, mabinti wawili, mtoto mmoja wa kiume, wakwe, wajukuu saba na mdogo wake wa kike. Kigoda kiko chini ya ubao, mahali pake.

Apumzike Mama Bikari. Kipimo kimekaa sawa.