Gitaa Lililongoja Siku Saba

Aliyesimulia kisa hiki kwanza ni Mama Birika, muuza kahawa. Kilitokea mwezi mmoja baada ya mazishi ya mdogo wa Fundi Saa, mtengeneza saa. Benchi la Mama Birika lilikuwa mbele ya duka la fundi huyo. Asubuhi hiyo mlango ulikuwa wazi, na gitaa la kukanyagia lilionekana ndani: limelala juu ya miguu minne kama meza nyembamba, nyuzi kumi juu, pedali tatu chini, mbao zimeungwa hata ukucha haupati pa kuingia. Fundi Saa alilinunua miaka kumi na mmoja nyuma, bendi moja ilipovunjika, ili ampe mdogo wake, mpigaji. Hakumpa. Sasa alikaa mwisho wa benchi, kikombe kikipoa mkononi.

— Ile ndiyo kazi ya mikono, alisema Waya, fundi umeme. Unakanyaga, kijiti cha chuma kinauvuta uzi, sauti inapanda kama mtu anayemeza kilio.

— Ndiyo maana lina miguu, alisema Posta, aliyewahi kugawa barua. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Hilo linahusiana nini, mzee?

— Mkuu ni fundi, guu ni pedali. Unataka nikuchoree?

— Mie nakwambia, lile likiwashwa, taa za mtaa mzima zinafifia.

— Taa tu? Mvua inasimama hewani isikilize!

Waya akageuka.

— Lakini Fundi, kwa nini hukumpa marehemu?

Fundi Saa akaweka kikombe benchini.

— Saa haitoki dukani kwangu mpaka ikae ukutani siku saba bila kukosea. Lile nalo nililipangia siku saba. Uzi wa tano haurudi pale pale ukiachia pedali. Unapungua unywele tu. Narekebisha, naanza kuhesabu upya. Siku ya sita, umeteleza tena.

— Naye alikuwa akija?

— Kila Jumamosi. Kile chuma chake cha kutelezesha juu ya nyuzi kimo mfukoni. "Kaka, tayari?" Namwambia, subira huvuta heri.

— Ikavuta sanda, alisema Mama Birika.

Posta akajaribu kuokoa jahazi:

— Ndiyo hivyo, mchelea mwana kulia...

— Posta, kunywa kahawa, alisema Mama Birika.

Hapo akaja binti wa marehemu, ameshika leso iliyofungwa kitu kizito.

— Shikamoo, baba mkubwa.

— Marahaba, mama.

Akafungua leso. Kilikuwa kile chuma, kimeng'aa kwa kukaa mfukoni. Akachungulia ndani ya duka.

— Baba alilisifu mpaka usingizini. Lilikuwa linaliaje?

Waya akamtazama Posta. Posta akatazama kikombe. Mama Birika akainua birika, akalirudisha bila kummiminia mtu. Fundi Saa akaligeukia gitaa. Miaka yote ile alisikia uzi mmoja mmoja, akiupima. Wimbo, hata mmoja, hakuusikia.

— Lichukue, mama, alisema. Lichukue leo.

Tangu hapo Posta amefariki, na Mama Birika pia. Waya yupo, alihama mtaa. Binti yu hai, analipiga kila Jumamosi, na uzi wa tano unateleza vile vile. Fundi Saa naye yu hai, ila hasikii tena. Masikio ndiyo yaliyotangulia.